Bomba la TAZAMA na cheti cha chuma kilichozikwa

Tangu mwaka 2023, bomba la mafuta la TAZAMA, linalotoka Kigamboni, Dar es Salaam, hadi Ndola, Zambia, limeacha kubeba mafuta ghafi na sasa linasukuma dizeli. Zambia ilichukua uamuzi huo baada ya kiwanda chake cha kusafisha mafuta cha Indeni kusimamisha kazi mwishoni mwa 2021. Maneno yalikuwa mengi. Wenye malori walilia kwamba mzigo wao unachukuliwa na bomba, na wafanyabiashara wa mafuta waligombania nani aruhusiwe kupitisha shehena yake. Bei ya lita moja kule Lusaka na Kitwe ilijadiliwa mpaka bungeni. Ila swali kuhusu chuma chenyewe, kilicholala chini ya mashamba yetu ya Iringa na Mbeya kwa karibu miaka 60, liliachiwa mafundi wajiulize wenyewe.

Mmoja wa mafundi hao ni mzee anayeishi Uyole, mchomeleaji mstaafu aliyezunguka katika kazi za mabomba, matangi na maboila ya Nyanda za Juu Kusini. Ameomba jina lake lisiandikwe. Nilipomwuliza habari za TAZAMA nilitegemea anisimulie Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda. Aligusa majina hayo kwa heshima, kisha akahamia kwenye jambo lililomkaa moyoni: kila kipande cha bomba kiliondoka kiwandani na namba yake, na asiyejua namba hiyo hajui alichokizika. Nimeyafuata maelezo yake katika makala hii, kwa sababu sioni namna nyingine ya kuieleza historia ya bomba hili ikaeleweka.

Chanzo chake ni siasa. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru wake, na mafuta yake yote yalikuwa yanapitia mikononi mwa Smith. Mapema mwaka huohuo kampuni ya Lonrho ilikuwa imefungua bomba kutoka bandari ya Beira hadi kiwanda cha kusafisha mafuta karibu na Umtali. Vikwazo vya mafuta vilipotangazwa Desemba, bomba lile likakauka, na Rhodesia nayo ikaifungia Zambia. Migodi ya shaba ya Copperbelt, ambayo ndiyo iliyoilisha serikali ya Kaunda, ilibaki na akiba ya kuhesabu siku.

Hapo ndipo Iringa na Mbeya zilipoingia katika historia ya mafuta, na ziliingia kwa tope. Waingereza walileta ndege za Britannia na Wakanada wakaleta Hercules, wakawa wanapeleka mafuta angani yakiwa ndani ya mapipa. Ndege yenyewe inakunywa mafuta, kwa hiyo msaada ule haukuweza kuwa wa kudumu. Mzigo mkubwa ulibidi upite chini, kwenye barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma na kuingia Zambia. Madereva wa Kizungu waliipa jina la Njia ya Jehanamu, na jina lilikaa.

Ilikuwa safari ya siku nyingi. Mapipa ya lita 200 yalipangwa wima juu ya bodi la lori na kufungwa kwa kamba na minyororo. Mvua za Desemba mpaka Aprili zilizifanya kona za Kitonga ziteleze kama sabuni, na lori likikwama katikati ya mlima, yote yaliyoko nyuma yake yanalala hapohapo. Kurudi, malori yalipakia shaba kwenda bandarini. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya malori kwa ubia na Waitalia, na magari ya Fiat yakaanza kuonekana kwa wingi kwenye barabara hii. Ajali zilikuwa nyingi, na lori la mapipa ya petroli likipinduka halihitaji cheche kubwa.

Mzee wangu anasema watu wa vijiji vya kando ya barabara walijifunza kuijua rangi ya pipa la petroli na la dizeli kwa mbali, na kwamba pipa lililobonyea halikurudi Dar es Salaam. Liligeuka la kuhifadhia maji, mlango wa banda la kuku, au jiko la kuchemshia komoni. Lakini hata pipa lilimfundisha kitu yeye fundi. Bati lake ni jembamba, lililokunjwa na kushonwa ubavuni. Mapipa mawili ya muundo mmoja, yaliyopakiwa lori moja na kupigwa na mashimo yaleyale, moja lilifika Tunduma likiwa zima na jingine lilianza kuvuja Mafinga. Wote waliona mapipa sawa. Chuma hakikuwa sawa.

Ilikuwa wazi kwamba nchi haiwezi kuendeshwa kwa mapipa. Kazi ya kujenga bomba ilipewa Waitalia wa Snam Progetti, kampuni ya kundi la ENI, na bomba likakamilika mwaka 1968 kwa gharama ya takriban pauni milioni 16. Urefu wake ni kilomita 1,710. Sehemu zake nyingine zina kipenyo cha inchi 8 na nyingine inchi 12. Zambia inamiliki theluthi mbili na Tanzania theluthi moja. Upande wetu vituo vya kusukuma mafuta viliwekwa Kigamboni, Morogoro, Elphons Pass, Iringa na Mbeya. Barabara ya lami na reli ya TAZARA, ambazo kila mtoto wa shule anazijua, zilikuja baadaye.

Chukua kalamu upige hesabu. Kama kila kipande cha bomba kilikuwa na urefu wa mita 12, basi kutoka Kigamboni hadi Ndola kulilazwa vipande zaidi ya 140,000, na viungo vya kuchomelea karibu idadi hiyohiyo. Kila kiungo kilichomelewa na mtu akiwa ameinama au amelala chali kando ya mtaro. Kwa kawaida mafundi wawili husimama pande mbili za bomba, wanaanzia juu na kuteremka mpaka wanakutana chini ya tumbo la bomba. Mshono wa kwanza ni wa mzizi, ule unaoshika kingo mbili. Ukikosewa huo, mishono yote inayofuata inaficha kosa tu. Gamba linapigwa nyundo, linasuguliwa kwa brashi ya waya, mshono wa pili unafuata kabla chuma hakijapoa, kisha wa kujaza, mwisho wa kufunika. Baadaye picha za eksirei hupigwa, bomba linapakwa lami na kuzungushiwa kitambaa chake, linateremshwa mtaroni na kufukiwa. Kabla ya mafuta, hujazwa maji na kusukumwa kwa presha kubwa kuliko ile ya kazi. Milimani majaribio hayo hufanywa kwa vipande vifupivifupi, kwa kuwa uzito wa maji kutoka juu unaweza kulipasua bomba kule bondeni.

Sasa tuje kwenye namba. Chuma cha bomba kinapomiminwa kutoka tanuri, mmimino mmoja hupewa namba, na mabomba yote yatakayotoka humo yanabeba namba hiyo. Kiwanda huandika cheti: kaboni kiasi gani, manganizi kiasi gani, salfa kiasi gani, na chuma kilivutwa kwa nguvu ipi kabla ya kuanza kunyooka bila kurudi. Daraja la bomba hutokana na nguvu hiyo. Ila daraja ni sakafu tu. Linasema chuma hiki hakishuki chini ya hapa. Halisemi kiko wapi hasa. Daraja lililoahidi megapasikali 290 linaweza kuwa na mabomba yenye 300, yenye 340 na hata yenye 380, kwa sababu tanuri la Jumatatu si la Alhamisi, na ukingo wa bamba la chuma hupoa tofauti na katikati yake.

Kiwandani hawavuti kila bomba mpaka likatike, maana hakuna litakalobaki la kuuza. Wanakata kipande kimoja kiwakilishe kundi ambalo linaweza kufika mabomba zaidi ya mia. Mnunuzi wa mchele wa Kyela anaielewa kazi hii kuliko wahandisi wengi: anachoma gunia kwa bambo, anamwaga punje kiganjani, anaamua bei ya gunia zima. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hachomi mara moja, na hachomi juu tu.

Kwa nini tofauti hizo zitushughulishe sisi wa huku juu? Kwa sababu ya milima. Kutoka Ruaha Mbuyuni kupanda uwanda wa Iringa unapita kimo cha takriban mita 1,000, kama barabara inavyokuonyesha pale Kitonga, na mafuta nayo lazima yapandishwe. Dizeli iliyojaa kwenye bomba lenye kimo hicho inakandamiza chini kwa takriban baa 82, hata pampu ikiwa imezimwa. Hapo bado hujasukuma kitu.

Tuchukue bomba la mfano, si vipimo vya TAZAMA: kipenyo cha milimita 219, unene wa milimita 6.4, chuma cha megapasikali 290. Kwa kanuni inayotumika sana ya kutumia asilimia 72 tu ya nguvu ya chuma, bomba hilo linaruhusiwa kubeba takriban baa 122. Kutu ikila milimita 2, linabaki na takriban baa 84. Ukitoa zile 82 za uzito wa dizeli, huna cha kusukumia. Lakini kama una cheti kinachothibitisha kwamba kipande kile hasa kina megapasikali 340, hesabu inapanda hadi kama baa 98 na unaweza kuendelea kufanya kazi ukijua unachokifanya. Karatasi moja ndiyo inayotenganisha kupunguza presha, kung'oa bomba, na kulala usingizi. Bila karatasi, mhandisi mwaminifu hana ruhusa ya kukisia juu. Analazimika kushika sakafu.

Dunia iliyajifunza haya kwa maiti. Tarehe 20 Machi 1905, boila la kiwanda cha viatu mjini Brockton, Massachusetts, lililipuka na watu 58 wakafa. Jimbo lile lilitunga kanuni zake za maboila, na miaka michache baadaye chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, ASME, kikatoa mwongozo wa maboila ambao kizazi chake ndicho kinachosomwa leo hata na wakaguzi wa mitungi na maboila hapa kwetu, kuanzia viwanda vya chai vya Mufindi hadi kile cha karatasi cha Mgololo. Kisha Januari 1943 meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini Oregon, usiku wa baridi. Chuma chake kilikuwa na nguvu ya kutosha kikivutwa. Kilichokosekana ni ustahimilivu wa kupigwa kikiwa baridi. Mfaransa Georges Charpy alikuwa ameeneza jaribio la kupima jambo hilo tangu mwaka 1901: kipande kidogo kinatiwa mkato, nyundo inayoning'inia inaachiwa, unasoma kimemeza nguvu kiasi gani kabla ya kuvunjika. Viwanda vingi viliona ni gharama ya bure mpaka meli zilipoanza kukatika.

Nilipomtajia mzee wangu mkasa wa San Bruno, alisema huo ndio anaotaka wasomaji waukumbuke. Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, bomba la gesi lililofukiwa mwaka 1956 lilipasuka katika mtaa wa makazi wa San Bruno, California. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za kampuni, karatasi zilisema bomba pale halina mshono wa ubavu. Walipofukua walikuta mshono upo, tena kuna vipande vifupi vilivyounganishwa, na vingine mshono wake haukuchomelewa upande wa ndani. Kwa zaidi ya miaka 50 kampuni ilipanga presha kwa kufuata bomba lililokuwa kwenye karatasi, wakati ardhini kulikuwa na bomba jingine. Baada ya hapo Wamarekani waliwataka wenye mabomba ya gesi waonyeshe kumbukumbu zinazofuatika mpaka chanzo, zinazothibitika na zilizokamilika. Asiyekuwa nazo apime upya au apunguze presha.

Nao wenye vinu vya nyuklia, ambao tungetegemea wawe mabingwa wa karatasi, walipatwa na yao. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Ufaransa ilitangaza kwamba kifuniko na kitako cha chombo cha kinu kipya cha Flamanville vina sehemu ambazo kaboni imejikusanya: asilimia 0.30 mahali palipotakiwa kuwa na 0.22. Vipande vilivyopigwa kwa nyundo ya Charpy vilitoa wastani wa jouli 52, na kanuni ilitaka 60. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Ukaguzi wa mwaka 2016 katika kiwanda kilichofua vyuma hivyo, Creusot Forge, ulikuta mafaili yenye kasoro, mengine yakiwa na takwimu zilizobadilishwa, yaliyorundikana kwa miongo. Chombo hicho cha Flamanville kiliruhusiwa mwaka 2018 kwa masharti, likiwamo la kubadilisha kifuniko. Nawaza hayo kila ninaposikia habari za urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo kwa jirani zetu wa Ruvuma, na mazungumzo kwamba siku moja nasi tutakuwa na umeme wa nyuklia. Chuma cha kinu hupigwa na mnururisho mwaka hadi mwaka na hupungukiwa ustahimilivu. Wenye vinu huweka vipande vya sampuli ndani ya chombo tangu siku ya kwanza, wawe wanavitoa na kuvivunja kwa zamu, wajue chombo kimezeeka kiasi gani. Asiyekuwa na kipimo cha siku ya kwanza hana cha kulinganisha.

Maisha ya bomba letu baada ya 1968 yanasimulika haraka. Lilianza kwa kubeba mafuta yaliyokwisha safishwa. Mwaka 1973 kiwanda cha Indeni kilipofunguliwa Ndola, likageuzwa la mafuta ghafi, na likabaki hivyo kwa nusu karne, hadi liliporudi kwenye dizeli. Lilijengwa kwa uwezo wa tani milioni 1.1 kwa mwaka, na kwa miaka mingi halikufika hapo, umri wake ukiwa miongoni mwa sababu. Limekarabatiwa, limebadilishwa vipande, limetobolewa na wezi wa mafuta. Kila kiraka kimeingiza chuma kipya chenye tanuri lake katikati ya chuma cha Waitalia, kwa hiyo bomba linaloitwa moja sasa ni mchanganyiko wa vizazi.

Hapa nina la kusema kama mtu wa Nyanda za Juu. Bomba limepita mlangoni kwetu muda wote huu na tumelitazama kama ukanda usiolimwa, mkuza wenye vibao vya kukataza moto. Dizeli inapita chini ya miguu yetu, na juu yake malori ya mafuta yanazidi kubanana Kitonga na kwenye mteremko wa Mlima Nyoka. Matoleo ya kushushia mafuta kwa ajili ya mikoa ya njiani yamezungumzwa, na ninayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini kabla ya kulitoboa bomba rasmi ili tupate toleo, inabidi tujue chuma cha mahali hapo.

Hasira yangu kubwa ni juu ya vyuma chakavu. Kipande cha bomba kilichokaa ardhini tangu 1968, kikitolewa leo, ni hazina ambayo hakuna maabara ya Ulaya inayoweza kuitengeneza: chuma kilichoishi kwenye udongo wetu, mvua zetu na presha ya milima yetu kwa zaidi ya miaka 50. Kukiuza kwa kilo kabla ya kukikata sampuli ni kuchoma kitabu ambacho hujakisoma. Mbeya tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichozaliwa kutokana na chuo cha ufundi cha mwaka 1986, na vijana wake wanasoma uhandisi kwa mifano ya vitabu vya ng'ambo. Wapewe vipande vya TAZAMA. Wavute sampuli kumi za bomba moja na kumi za bomba jingine, wapige kwa nyundo ya Charpy, wapime kutu kwa milimita, waone kwa macho yao namna namba zinavyotawanyika. Baada ya miaka mitano tutakuwa na jedwali letu wenyewe la chuma cha Nyanda za Juu Kusini, na mkaguzi wa boila wa Mufindi naye atalifungua.

Serikali mbili zimekuwa zikizungumzia bomba la pili litakalofuata njia ileile. Mzee wa Uyole analo ombi moja kuhusu hilo, na nimeahidi kulifikisha. Anataka siku mabomba mapya yatakaposhushwa bandarini, vyeti vya kiwanda vinakiliwe mara tatu: nakala moja Dar es Salaam, moja Ndola, na moja Mbeya, pamoja na orodha ya kiungo kwa kiungo inayoonyesha namba ipi ililazwa kilomita ipi na nani alichomelea. Na katika kila namba ya tanuri kibakizwe kipande cha nusu mita, kipakwe grisi, kiandikwe na kufungiwa stoo. Nilipomwuliza nani atavihitaji vipande hivyo, alinijibu kwamba ni mhandisi wa mwaka 2080, ambaye atataka kujua kama presha anayotumia inaruhusiwa.